Mafaili ya vidonda vya miguu vya kisukari, hospitali moja tu: nifanyeje utafiti usikataliwe?

BintiMvita

Assalamu alaikum, na wengine hamjambo. Ninaandaa propozali ya shahada ya uzamili hapa Mombasa. Nataka kupitia mafaili ya watu wazima waliolazwa kwa vidonda vya miguu vya kisukari katika hospitali moja ya rufaa, kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2024, nione nani walioishia kukatwa kidole, wayo au mguu, na ni mambo gani yaliandamana na kukatwa huko. Kwa makadirio, mafaili yatakuwa kama 300 na waliokatwa kama 40.

Msimamizi wangu ana hoja tatu. Kwanza, fomyula ya sampuli inataka watu 384 na mimi sina. Pili, nimeorodhesha vigeu 14 vya kutia kwenye regresheni ya lojistiki (hesabu ya kuona kila kigeu kinahusiana vipi na kukatwa), naye anasema ni vingi mno ila hakuniambia vingapi vinatosha. Tatu, utafiti wa kituo kimoja "hauthibitishi kitu". Hii ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa, kwa sababu sina uwezo wa kwenda hospitali tano. Naomba waliozoea kazi hii wanielekeze, hasa kwenye hatua za mwanzo.

Mtunza_Rekodi

Waalaikumu salamu dada. Naanza na mafaili yenyewe, maana tafiti nyingi za aina hii huharibikia kwenye ofisi ya rekodi, kabla takwimu hazijaguswa.

Usitafute wagonjwa kwa kitabu kimoja. Ukianzia kitabu cha thieta utawapata waliokatwa na utawakosa waliopona kwa kusafishwa kidonda na antibiotiki wodini. Ukianzia kliniki ya kisukari utawapata waliobaki hai na wenye nauli ya kurudi. Pitia rejista za kulazwa za wodi za upasuaji na wodi za tiba, kitabu cha thieta kuu, kitabu cha thieta ndogo (vidole vingi hukatwa huko na havionekani kwingine), kisha orodha ya kompyuta. Kwenye kompyuta usitafute namba ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa) E11.5, ya kisukari chenye shida ya mishipa ya damu, peke yake. Tia E10.5 na E14.5, halafu L97 ya kidonda cha mguu, L03 ya selulaitisi (uambukizo wa ngozi), R02 ya gangrini (nyama iliyokufa) na M86 ya uambukizo wa mfupa. Ukishapata orodha hiyo pana, fungua kila faili uone kama kisukari kipo. Mgonjwa aliyeandikiwa "selulaitisi" tu siku ya kulazwa hupotea kabisa usipofanya hivyo, na mara nyingi ndiye aliyekuja mapema, kidonda kikiwa bado kidogo. Ukimkosa, asilimia ya waliokatwa inapanda bila sababu.

Mstari mmoja wa rejista waweza kuwa hivi: *me, mtu mzima, Likoni, kidonda kilichooza mguu wa kushoto, sukari HI.* Utazame vizuri. Umri haupo, na "mtu mzima" si miaka. Utautafuta kwenye karatasi ya ndani ya faili au nakala ya kitambulisho. "Likoni" huenda ni kwa jamaa alikofikia akitibiwa, nyumbani kwake ni Msambweni au Kinango. Kama umbali ni kigeu chako, tafuta kaunti na kijiji kwenye fomu ya kulazwa au barua ya rufaa. Neno kisukari halikuandikwa popote. Na "HI" si kosa la kalamu: glukomita nyingi huonyesha hivyo sukari ikipita 33.3 mmol/L. Ukiifuta ukaiita data iliyokosekana, umewatoa wale wenye sukari kali kuliko wote. Iandike kama "zaidi ya 33.3" kwenye safu yake.

Majina ya Pwani nayo yana kazi yake. Mtu mmoja akilazwa mara tatu anaweza kuwa Mohamed, Muhammad na Mohammed, jina la babu limeandikwa mara moja tu, na namba ya faili ni mpya kila mara. Mwanaisha leo, Aisha kesho. Weka kanuni kabla hujaanza: majina mawili kati ya matatu yalingane kwa sauti, umri usipishane zaidi ya miaka 2, na mtaa au namba ya simu ilingane. Usipofanya hivyo mtu aliyekatwa kidole mwaka 2021 na mguu mwaka 2023 utamhesabu kama watu wawili.

Halafu weka daftari la mafaili yasiyopatikana, na usilidharau. Ukiwa na majina 300 kwenye rejista na mafaili 240 mkononi, hao 60 hawakupotea kwa bahati nasibu. Mafaili ya waliofariki mara nyingi huhifadhiwa mbali na mengine, yale yenye kesi huwa yamefungiwa, na ya wagonjwa wa kurudi-rudi huwa yapo kwenye meza ya kliniki fulani. Chukua kilichomo kwenye rejista (umri, jinsia, mwaka, alitoka hai au la) ulinganishe waliopatikana na wasiopatikana, jedwali moja dogo. Anayekagua kazi yako atalitafuta hilo kabla ya kitu kingine.

Takwimu_Kisauni

Naongezea upande wa hesabu.

Hiyo 384 inatoka kwenye fomyula ya kukadiria asilimia katika umma mkubwa, ukichukulia nusu wana tatizo na unataka kukosea kwa asilimia 5 tu. Hukusudii kuchagua sampuli. Wewe unachukua wote waliolazwa katika miaka mitano. Ukitumia sahihisho la umma mdogo, 384 ÷ (1 + 383/300), utapata 169, na kuna wanafunzi huichukua hiyo 169 na kuacha mafaili mengine rafuni. Usifanye kosa hilo! Kati ya 300 waliokatwa ni 40. Kati ya 169 watabaki kama 22. Umetupa nusu ya taarifa uliyonayo kwa kuitii fomyula ya kazi nyingine. Andika kwenye propozali kwamba unachukua wote wanaokidhi vigezo, kisha onyesha usahihi utakaoupata: 40 kati ya 300 ni asilimia 13.3, na mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni takriban 10 hadi 18. Mpe msimamizi namba hiyo, ataona kwamba inatosha kwa swali la "ni wangapi".

Kwa swali la "ni kwa nini", kinachohesabiwa ni waliokatwa, si jumla ya mafaili. Kanuni inayotumika sana, inayotokana na kazi ya Peduzzi na wenzake ya 1996, ni matukio 10 (kwako, waliokatwa 10) kwa kila kigeu. Si amri, kuna mijadala mingi juu yake, lakini kwa matukio 40 inakuambia vinne, si 14. Na angalia unavyohesabu: kigeu chenye makundi manne hula nafasi tatu. Umri ukiuweka kama miaka unakula moja. Ukiukata "chini ya 40, 40–49, 50–59, 60 na zaidi" unakula tatu na bado umepoteza taarifa. Acha umri kama namba.

Vinne hivyo uvichague sasa, kwa kusoma na kwa akili ya tiba, uviandike kwenye propozali. Ile njia ya kujaribu vigeu 14 kimoja kimoja halafu kupeleka mbele vyenye p chini ya 0.05 ndiyo inayozaa matokeo ambayo mwenzako wa Nakuru hatayaona akirudia. Mimi ningeweka umri, siku tangu kidonda kuanza hadi kufika hospitali, mapigo ya damu mguuni (yapo au hayapo), na hesabu ya seli nyeupe siku ya kulazwa. Vilivyobaki vieleze kwenye jedwali la maelezo tu. Kama ni lazima kiingie cha tano, tumia regresheni ya Firth, inavumilia matukio machache.

Sasa tokeo lenyewe. "Alikatwa" peke yake haitoshi. Amua kwamba unamhesabu mgonjwa, si kulazwa. Amua muda, kwa mfano ndani ya siku 90 tangu kulazwa mara ya kwanza. Tenganisha kukatwa chini ya kifundo cha mguu na juu yake, kwa sababu aliyepoteza kidole na aliyepoteza mguu hadi gotini hawako kundi moja. Aliyefariki siku ya 6 kabla ya kufikishwa thieta si "hakukatwa". Mpe kundi lake. Aliyetoroka wodini au kuondoka kwa hiari yake naye vilevile, kwa sababu huenda alikatwa hospitali nyingine wiki iliyofuata. Watu hao wawili wakirundikwa kwenye kundi la "waliopona", hali mbaya itaonekana kama kinga.

Kuna mtego mwingine unaopendeza sana ukiutazama juu juu. Utapata kwamba waliohudhuria kliniki ya vidonda mara tatu au zaidi hawakukatwa kwa wingi, na moyo utakutuma uandike kwamba kliniki inaokoa miguu. Lakini ili mtu ahudhurie mara tatu ilibidi kwanza awe hai na mguu anao kwa wiki zote hizo. Aliyekatwa wiki ya kwanza hakupewa nafasi ya kuhudhuria. Ukitaka kulijibu swali hilo kwa haki, weka alama siku ya 30: wachukue waliofika siku hiyo bila kukatwa, wagawe kwa mahudhurio yao hadi hapo, kisha tazama yaliyowapata baada ya siku ya 30 tu.

Jambo dogo ila huharibu kazi: usiandike tarehe 03/04/2021 kwenye Excel. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma Machi 4, na utapata watu waliokatwa kabla ya kulazwa. Andika 2021-04-03. Ukiweza tumia programu ya kuingizia data, REDCap au Epi Info, uweke mipaka: kreatinini isipokelewe bila uniti, kwa sababu 1.2 ni mg/dL na 106 ni µmol/L, na ni kitu kilekile (zidisha kwa 88.4). Sukari zidisha mmol/L kwa 18 kupata mg/dL. Na "hapana", "haikuandikwa" na "haikupimwa" ziwe namba tatu tofauti. Faili lisilotaja sigara halijasema mgonjwa havuti.

BintiMvita

Shukrani sana, nimeelewa kwamba 14 nilijitakia balaa. Katika orodha yangu nilikuwa na gredi ya Wagner (ya ukali wa kidonda) na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), na sizioni kwenye vinne vya Takwimu_Kisauni. Je, niziache kweli? Wasomaji si watauliza?

Daktari_wa_Vidonda

Watauliza, nawe utakuwa na jibu.

Wagner ina gredi 0 hadi 5. Gredi 4 ni gangrini ya sehemu ya mbele ya mguu, 5 ni gangrini ya mguu mzima. Gangrini ndiyo sababu yenyewe ya kukata. Ukiitia kwenye modeli utapata uwiano mkubwa ajabu, na utakuwa umegundua kwamba wanaokatwa miguu ni wale ambao daktari aliona miguu yao haina budi kukatwa. Mbaya zaidi, gredi hiyo itavimeza vingine: kuchelewa kufika hospitali hufanya kazi yake kupitia gangrini, kwa hiyo ukiirekebisha gangrini, kuchelewa kutaonekana hakuna neno. Wakati hilo ndilo tungeweza kulishughulikia. Onyesha Wagner kwenye jedwali la kwanza, usiiweke kwenye modeli ya sababu. Tena mafaili mengi hayana gredi iliyoandikwa. Mtu wako ataisoma kutoka kwenye maelezo, "kidonda hadi kwenye kano, usaha", na akijua tayari kwamba mgonjwa alikatwa, mkono wake utapandisha gredi bila yeye kukusudia. Hivyo basi anayesoma kurasa za kulazwa asione karatasi ya thieta. Zibane kwa klipu au mpe mtu mwingine. Wasomaji wawili wasome mafaili 30 yaleyale kila mmoja peke yake, mkokotoe kapa ya Cohen, kipimo cha jinsi mnavyokubaliana. Ikiwa chini ya 0.6, maelekezo yenu hayajaeleweka: yaandikeni upya kabla ya kuendelea, msiyavumilie.

HbA1c ina shida mbili. Ya kwanza, hupimwa kwa anayeweza kulipia au anayelala wodi ambayo daktari ameizoea, kwa hiyo kukosekana kwake si bahati nasibu. Ikikosekana kwa nusu ya mafaili, kujaza kwa wastani ni kujidanganya. Ya pili ni ya kwetu Pwani hasa. Wagonjwa wa seli mundu na wanaoibeba kwenye damu bila kuugua tunao kwa wingi. Chembe nyekundu zikiishi muda mfupi, HbA1c hushuka hata kama sukari iko juu, na baadhi ya mashine husoma vibaya palipo na hemoglobini S, ile ya seli mundu. Anemia ya upungufu wa madini ya chuma nayo huipandisha. Ukiiripoti, taja njia ya maabara na uniti: asilimia 7 ndiyo 53 mmol/mol.

Karani_wa_Maadili

Kwa vibali, ufupi. Mpangilio ni huu: idara yako, kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), leseni ya NACOSTI yenyewe, idara ya afya ya kaunti, kisha uongozi wa hospitali, na mwisho ofisi ya rekodi. Ukienda rekodi kwanza utarudishwa.

Kwenye ombi la maadili usiseme tu "hakuna haja ya idhini kwa kuwa ni mafaili ya zamani". Omba rasmi kuondolewa sharti la idhini ya mgonjwa, ueleze kwamba kuwatafuta wagonjwa wa miaka mitano haiwezekani kivitendo na kwamba hatari kwao ni ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, kwa hiyo kamati itakuuliza funguo ziko wapi. Jibu linalotakiwa: orodha ya jina na namba ya utafiti iko kwenye daftari moja ndani ya kabati la hospitali, haitoki, kwenye kompyuta kuna namba ya utafiti tu. Hapana kupiga picha kurasa kwa simu. Hilo limewakwamisha wengi. Na wakati wa kuandika, jedwali likiwa na mtu mmoja, mwanamke wa miaka 91 kutoka kijiji fulani, unganisha makundi, kwa sababu mtaani atajulikana.

Takwimu_Kisauni

Narudi kwa hoja ya tatu, "kituo kimoja hakithibitishi kitu", kwa sababu naona dada imekukaa moyoni. Msimamizi ana ukweli, lakini ameusema kwa jumla mno.

Mfano wa kumpa haki ni wa sukari hiyohiyo. Mwaka 2001 hospitali moja ya Leuven, Ubelgiji, ilionyesha kwa wagonjwa 1,548 wa wodi ya wagonjwa mahututi wa upasuaji kwamba kuibana sukari kwa insulini kulishusha vifo ndani ya wodi kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6. Dunia ikafuata. Mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR, hospitali nyingi na wagonjwa 6,104, ukaonyesha kinyume: waliobanwa sukari walikufa zaidi, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9. Wagonjwa wa Leuven wengi wao walitoka kwenye upasuaji wa moyo na walipewa glukosi ya mshipa mapema, jambo ambalo wodi nyingine hazifanyi. Tiba na mazingira vilikuwa vimesukwa pamoja, na ndani ya hospitali moja huwezi kuvitenganisha.

Mfano wa kukupa haki wewe uko karibu, Kilifi. Utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu watoto waliolazwa hospitali moja ya Kilifi kati ya 1998 na 2002 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Ulikuwa wa kituo kimoja na ulikuwa na uzito mkubwa. Kwa nini? Damu ilioteshwa maabara kwa utaratibu kwa watoto wote waliolazwa, si kwa wale tu ambao daktari aliwatilia shaka. Na nje ya geti la hospitali kuna sensa ya kudumu ya wakazi iliyoanza mwaka 2000, zaidi ya watu robo milioni, kwa hiyo Kilifi wanaweza kusema ni wangapi kati ya watu wangapi.

Wewe sensa hiyo huna, basi usiandike "kiwango cha kukatwa miguu Mombasa". Andika "kati ya waliolazwa katika hospitali moja ya rufaa". Hospitali ya rufaa hupokea walioshindikana Kwale, Kilifi, Taita-Taveta na Tana River, kwa hiyo asilimia yako itakuwa juu kuliko ya zahanati, na hilo si kosa likisemwa. Gawa matokeo mara mbili: waliokuja wenyewe na waliokuja kwa barua ya rufaa. Jedwali hilo ndilo litamsaidia msomaji wa Malindi au Voi kujua wagonjwa wake wanafanana na kundi gani.

Usisahau kalenda ya miaka yako. Kuanzia Aprili 8, 2020 hadi Julai 7, 2020 kuingia na kutoka Mombasa kulizuiwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo wa Kwale na Kilifi hawakufika kama kawaida. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Oktoba 1, 2024 bima ya afya ya taifa, NHIF, ikaipisha SHA. Chora grafu ya waliolazwa mwezi kwa mwezi, miezi 60, kabla ya kuchambua chochote. Ukiona mwezi una mgonjwa mmoja au hauna kabisa, usiuchukulie kwamba watu hawakuugua. Rudia uchambuzi mkuu bila miezi hiyo, na uripoti majibu yote mawili.

Mtunza_Rekodi

Na kwa miezi hiyo ya mgomo na korona, omba vitabu vya thieta mapema. Wodi zilipofungwa au kuunganishwa, wagonjwa wa upasuaji walichanganywa na wa tiba, na huenda kitabu kimoja kilitumika kwa wodi mbili. Muulize muuguzi msimamizi ni kitabu kipi kilitumika wapi kabla hujaandika kwamba hakuna mgonjwa.

BintiMvita

Nimeshaandika upya sehemu ya mbinu: wagonjwa wote, vigeu vinne, siku 90, daftari la yasiyopatikana, na grafu ya miezi 60. Jumatatu nakwenda na fomu ya majaribio kwa mafaili 10 ya 2019, nje ya kipindi changu, nione ni safu zipi hazijaziki.

Daktari_wa_Vidonda

Vizuri kuyachukua nje ya kipindi. Ila majaribio na mafaili ya wagonjwa halisi pia yanahitaji kibali cha kamati, kwa hiyo Jumatatu jaribu fomu kwa mafaili ya kubuni, na hayo 10 yataje kwenye ombi lako. Siku ukiyafungua, anza na safu ya mapigo ya damu mguuni. Ikiwa saba kati ya kumi hayana neno juu ya mapigo, badilisha kigeu hicho kabla propozali haijapelekwa, uweke kitu ambacho muuguzi hukiandika kila mara, kama joto la mwili au mapigo ya moyo siku ya kulazwa.